Homa Isiyosikia Dawa, Nawe Uko Kwenye Vidonge vya Utumbo

Mdogo wangu wa Tunduma, ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Nakujibu hapa kwenye kona yetu ili na wengine wenye shida kama yako wapate kusoma. Umesema uligundulika Mbeya kuwa na ugonjwa wa kuvimba utumbo mpana, ukaanzishiwa predinisoloni, baadaye azathioprini, damu chooni ikakata, ukarudi kwenye biashara yako ya mahindi. Sasa ni wiki ya tatu una homa za jioni, kikohozi kikavu na jasho la usiku linalolowesha shuka. Umemeza dawa ya malaria mara mbili, umechomwa sindano za taifodi, umemaliza zote, homa iko palepale. Jirani anakwambia uache hizo dawa kali. Muuza dawa anataka akupe flukonazo kwa sababu mdomoni umeota utando mweupe. Unaniuliza, "Dada, nimsikilize nani?"

Usimsikilize hata mmoja wao. Dawa usiache, kidonge kipya usiongeze, na kesho asubuhi nenda hospitali ukiwa na dawa zako zote mkononi. Ikiwa usiku huu utaanza kupumua kwa shida, au kichwa kikakuuma kuliko ulivyozoea, au ukaanza kuchanganyikiwa, usingoje kupambazuke. Mwamshe ndugu yako mwende saa hiyohiyo.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga akipata homa isiyoisha, yapo maradhi ambayo duka la dawa haliwezi kuyafikiria, na mara nyingi hata zahanati haiyafikirii. Mojawapo ni fangasi wa ndani ya mwili. Ukisikia fangasi, wengi wetu tunakumbuka miguu inayowasha, mba za mtoto kichwani, au muwasho wa sehemu za siri. Hao ninaowazungumzia leo huingia mapafuni, hupita kwenye damu, wengine hufika kwenye ubongo. Wanaua. Na wanaua zaidi pale wanapoitwa jina la ugonjwa mwingine kwa wiki nzima, kisha wiki ya pili, kisha mwezi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana kuna wasomaji watadhani nazungumzia vidonda vya tumbo. Hapana. Ugonjwa wako unakaa chini zaidi, kwenye utumbo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utumbo wa mwenyewe hadi unavimba, unachubuka na kutoa damu. Ukikaa kwenye utumbo mpana peke yake una jina lake, na ule unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa unaitwa ugonjwa wa Crohn. Daktari hawezi kuutaja kwa kukutazama tu. Anapaswa kwanza kuhakikisha huna amiba, huna kichocho, huna TB ya utumbo, kwa sababu yote hayo yapo kwetu na yote yanaweza kumfanya mtu aharishe damu. Kisha ndipo huja kipimo cha kamera na kinyama kidogo kupelekwa maabara. Kuna pia mnyoo mdogo anayeitwa strongiloidi ambaye hukaa tumboni miaka mingi bila kelele, lakini mtu akianza predinisoloni huzaliana kwa kasi na kuweza kumuua. Kama hukupimwa choo kabla ya kuanzishiwa dawa, kaulize.

Kwa kuwa tatizo ni kinga inayoshambulia mwili wake, tiba yake ni kuituliza. Predinisoloni hufanya hivyo haraka, ndani ya siku chache. Azathioprini huchukua miezi ndipo ianze kufanya kazi vizuri. Wengine hupewa methotreksati. Halafu kuna sindano za kisasa kama infliksimabu na adalimumabu, ambazo huzuia kemikali ya mwili iitwayo TNF. Kwetu ni wachache wanaozipata kwa sababu ya bei, lakini najua ninao wasomaji London, Toronto na Muscat ambao ndizo zinazowasimamisha. Dawa zote hizi ni nzuri. Zimewatoa watu kitandani, zimewaokoa na kisu cha upasuaji. Sitaki mtu amalize kusoma hapa akazitupe jalalani.

Ila kinga ikitulizwa kwa ajili ya utumbo, imetulizwa na kwa mengine. Mwaka 2008 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa 100 wa utumbo waliopata maambukizi nyemelezi na wengine 200 ambao hawakupata. Aliyekuwa akitumia dawa moja ya kushusha kinga alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu. Aliyetumia mbili au tatu kwa pamoja, uwezekano ulipanda zaidi ya mara kumi na nne. Wenye zaidi ya miaka hamsini nao walikuwa hatarini kuliko vijana. Wewe uko kwenye mbili. Haina maana kwamba lazima utaugua, kwa kuwa wengi wanaotumia dawa hizi hawaoni fangasi wa hatari maisha yao yote. Maana yake ni kwamba homa yako haistahili kuchukuliwa kama homa ya mtu mwingine yeyote pale mtaani.

Septemba ya mwaka huohuo wa 2008, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaamuru watengenezaji wa zile sindano za kuzuia TNF waongeze onyo kali kwenye maelezo ya dawa zao. Mamlaka hiyo ilikuwa imepokea taarifa 240 za wagonjwa waliopata fangasi aitwaye Histoplasma wakiwa kwenye dawa hizo. Katika taarifa 21, madaktari hawakuutambua ugonjwa mwanzoni, na dawa ya fangasi ikachelewa. Kati ya hao 21, walikufa 12. Hebu zitazame tena hizo namba mbili za mwisho. Hao walikuwa Marekani, kwenye maabara na mashine zote. Kilichowamaliza ni kwamba hakuna aliyefikiria fangasi kwa wakati.

Usiniambie hayo ni ya Wamarekani. Mwaka 1960 wataalamu walichapisha habari kwamba fangasi huyohuyo wamemkuta kwenye mapango ya Amboni, Tanga, kule kunakolala popo. Miaka mingi baadaye, watafiti waliwachunguza wagonjwa 970 waliolazwa na homa huko Moshi, na walipozipima sampuli zao wakakuta tisa ambao vipimo vilionyesha huenda walikuwa na Histoplasma. Saba kati ya hao tisa walikuwa wameandikiwa TB au nimonia. Sita walikuwa na virusi vya UKIMWI, na watatu hawakuwa navyo. Tanzania hii hii, hospitali zenye madaktari wazuri, na jina la ugonjwa halikuwa kichwani mwa mtu.

Fangasi huyo huishi kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo na cha ndege, wakiwemo kuku. Udongo ukitibuliwa, mbegu zake huruka na vumbi, mtu akazivuta. Mwenye kinga nzima hukohoa kidogo au hasikii kitu, na kinga yake humzingira yule fangasi na kumfungia mahali pamoja. TNF ndiyo inayoushikilia uzio huo. Ukiizuia, aliyefungiwa miaka kumi iliyopita anaweza kutoka. Ndiyo maana dalili zake hufanana sana na TB: kukohoa, kukonda, jasho la usiku, matezi. Na ndiyo maana ukipimwa makohozi kwa TB yakatoka safi, kisha ukaanzishiwa dawa za TB hivyohivyo kwa kukisia, wiki zikapita hupati nafuu, una haki ya kuuliza, "Daktari, yawezekana ni fangasi?" Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Kule Uganda mwaka 2011 kundi la wanabaiolojia waliingia kwenye uwazi wa mti mkubwa wenye popo msituni, na zaidi ya kumi wakarudi makwao wakiumwa mapafu kwa Histoplasma. Hao walikuwa watu wazima wenye afya zao. Kwa hiyo nawe unayetumia dawa hizi, mapango ya popo ya Songwe kule upande wa Mbeya waachie wengine wayatembelee. Na ndugu zangu mnaokuja likizo kutoka Ulaya na Uarabuni mkiwa kwenye sindano zenu, mkifika kwa bibi Ileje au Mbozi msiingie kufagia banda la kuku. Mkirudi huko mkapata homa, mwambieni daktari wenu mlikuwa wapi na mlifanya nini, kwa sababu daktari wa London hawezi kubahatisha banda la kuku la Ileje.

Sasa nije kwa fangasi ambaye hapa kwetu anafahamika kuliko wote, Kriptokokasi. Huyu hukaa sana kwenye kinyesi cha njiwa na kwenye udongo, huingia kwa kuvuta hewa, na akipata nafasi hupanda kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa anaanza na kichwa. Kinauma siku baada ya siku, panadol haikitulizi, mwanga unamsumbua, anatapika, anaona vitu viwili viwili, mwisho anaanza kuongea yasiyoeleweka na watu wanasema kalogwa. Nimewahi kusikia familia ikimzungusha mtu kwa waganga kwa wiki nzima katika hali hiyo, na ningependa asiwepo mwingine.

Kipimo chake ni rahisi ajabu. Ni tone la damu kwenye kijikaratasi, mtindo uleule wa kipimo cha haraka cha malaria, na jibu linapatikana ndani ya dakika kama kumi. Tanzania tunakijua vizuri, kwa sababu ya VVU. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Dk. Sayoki Mfinanga wa taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwachukua watu karibu 2,000 walioanza dawa za VVU kinga yao ikiwa imeshuka sana. Nusu walipimwa Kriptokokasi kwa damu na kutembelewa nyumbani kila wiki katika wiki za mwanzo. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Ndani ya mwaka mmoja, kundi la kwanza walikufa asilimia 13, la pili asilimia 18. Tofauti hiyo ililetwa na kipimo cha damu na mtu wa kubisha hodi, si mashine ya mamilioni.

Hapa ndipo penye jambo linalonikera na ambalo watu hawalisemi. Ujuzi wa hawa fangasi katika hospitali zetu uko CTC, kliniki ya watu wenye VVU. Daktari na muuguzi wa CTC wamewaona wagonjwa wa Kriptokokasi na wa nimonia ya Numosistisi wengi kuliko mtu mwingine yeyote jengoni. Lakini mgonjwa wa utumbo hapelekwi kule, na akiambiwa aende kule anagoma. "Watu wakiniona nimekaa kwenye benchi la CTC watasemaje?" Tunduma ni mji mdogo kwa maneno ingawa ni mkubwa kwa malori, najua. Hata hivyo, mdogo wangu, kinga iliyoshushwa na kidonge na kinga iliyoshushwa na virusi huwafungulia mlango fangasi walewale. Ukiambiwa upimwe VVU, pima, kwa sababu jibu hilo linambadilishia daktari hesabu yote. Ukiambiwa kipimo cha Kriptokokasi kiko maabara inayohudumia CTC, nenda kakae kwenye hilo benchi. Maneno ya watu hayajawahi kumtibu mtu homa.

Na jambo lingine la hukohuko. Kichwa kikiuma namna ile ya Kriptokokasi, daktari ataomba atoe maji ya uti wa mgongo. Hapo ndugu hukataa. Nimesikia mara nyingi: "Fulani alitolewa maji ya mgongo akafa." Alikuwa anakufa kwa ugonjwa, na waliokubali walikubali wamechelewa. Fangasi huyu huongeza presha ndani ya fuvu, na kuyapunguza yale maji ni sehemu ya tiba yenyewe. Wengine hufunguka macho na kuita watu kwa majina siku hiyohiyo. Hupunguziwi mara moja tu, huenda ikarudiwa kesho na keshokutwa. Zungumza na mume wako au kaka yako mapema, ukiwa bado una akili zako timamu, kwamba ikitokea hivyo wasaini.

Numosistisi nimtaje kwa ufupi. Huyu ni wa mapafu. Kikohozi kikavu, pumzi inakatika ukipanda ngazi au ukitembea mwendo mfupi, kisha hata ukikaa. Kinachotisha ni kwamba daktari akiweka kifaa chake kifuani anaweza asisikie kitu, huku oksijeni ikishuka. Muombe akupime kwa kile kibanio cha kidoleni, na akupime tena baada ya kutembea kidogo. Mtu aliye kwenye predinisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa mwezi au zaidi, hasa akiwa na dawa ya pili au ya tatu juu yake, daktari hufikiria kumpa Septrin ya kinga. Miligramu 20 ni vidonge vinne vya miligramu tano. Hesabu vyako sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Utando mweupe mdomoni ni Kandida. Ukibaki mdomoni hauui, na dawa yake ipo. Ila ukiona chakula kinakuuma kifuani wakati wa kumeza, umeshuka kwenye koo la chakula, na huo ni ujumbe kwamba kinga imeshuka kweli. Kandida akiingia kwenye damu, mara nyingi ni kwa mgonjwa aliyelazwa, mwenye mpira wa mshipani au aliyetoka kupasuliwa utumbo. Hiyo ni kazi ya wodini, siwezi kukusaidia kwa maandishi.

Sasa mahindi, mdogo wangu, kwa kuwa ndiyo riziki yako. Ile kuvu ya kijani unayoiona kwenye punje zilizovunwa na unyevu mara nyingi ni jamii ya Aspergilasi. Tunaisikia zaidi kwa sumu yake, ile sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu ni suala la kula. Lakini kuvu hiyohiyo ina mbegu zinazoruka, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa sana akizivuta kwa wingi zinaweza kuota kwenye pafu. Nikukumbushe inavyokuwa msimu wa kupukuchua: mashine imewashwa, gunia linamiminwa, wingu la vumbi linasimama hewani juu ya vichwa vya watu, na wanawake wanapepeta wakiwa wamefunga kitenge puani. Kitenge hakizuii mbegu ya kuvu. Wakati huu uko kwenye dawa mbili, kaa kwenye mizani na daftari, muache kijana asimame kwenye mashine. Gunia lenye kuvu lisifunguliwe chumbani unakolala. Sakafu ya ghala inyunyizieni maji kabla ya kufagia. Ukilazimika kukaa vumbini, vaa barakoa ngumu ile inayobana pande zote, kwa kuwa ile laini ya karatasi hewa inapita pembeni. Kazi ya banda la kuku na ya kupakia mbolea ya kuku kwenye kiroba, mpe mwingine.

Nirudi kwenye ile flukonazo ya muuza dawa. Ni dawa nzuri ya Kandida, na hutumika kwa Kriptokokasi kwa dozi na mpangilio wa hospitali. Kwa Aspergilasi haifanyi kitu. Kwa Numosistisi haifanyi kitu. Histoplasma anapokuwa mkali huanza kutibiwa kwa amfoterisini B ya mshipani, dawa inayotaka figo zipimwe kila mara, halafu itrakonazo kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo ukimeza flukonazo yako mbili tatu, utando mdomoni utaondoka, utajiona umepona, na aliye kwenye pafu ataendelea na kazi yake. Na kama siku moja utaandikiwa itrakonazo za kapsuli, mwambie daktari kama unameza omeprazo, kwa sababu kapsuli hizo zinahitaji asidi ya tumbo ndipo ziingie mwilini. Meza ukiwa umekula.

Septrin nayo usijiongezee. Ikikutana na methotreksati inaweza kukausha utengenezaji wa damu kwenye uboho. Azathioprini ikikutana na allopurino, ile dawa ya gauti ambayo kaka zetu madereva wanainunua kama pipi, hutokea hatari hiyohiyo. Nayo methotreksati ni mwiko kwa mwanamke mjamzito au anayetafuta mimba. Haya yote mtu wa dukani hawezi kuyajua kama hujamwambia unachotumia, na hata ukimwambia, huenda hajafundishwa.

Kuhusu kuacha: predinisoloni ukiitumia kwa wiki kadhaa, mwili unaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukikata ghafla, presha inaweza kuporomoka, ukatapika, ukazimia, ukafa, na wala si kwa fangasi. Dereva anayeshusha lori lenye mzigo Mlima Iwambi anapunguza gia mapema na kwenda polepole, hakanyagi breki mara moja katikati ya mteremko. Predinisoloni inashushwa hivyohivyo, na anayeshusha ni daktari. Yeye ndiye atakayeamua pia kama azathioprini isimamishwe kwa muda wakati fangasi anatibiwa. Mara nyingi husimamishwa dawa fulani na kubakizwa nyingine, na huo uamuzi unatofautiana mtu na mtu.

Kuna kundi jingine ambalo sijaulizwa swali lake lakini nitalisemea. Ni wale wanaonunua predinisoloni na deksa (deksamethasoni) bila kuandikiwa na mtu, ili wanenepe, wapate hamu ya kula, au mgongo upoe baada ya kupakua magunia. Mwaka 2021 India ilishuhudia maelfu ya watu wakiugua fangasi mweusi anayekula pua na macho, wengi wao wakiwa na kisukari na wamepewa dawa za jamii hiyo walipougua Uviko. Dawa hizi hupandisha sukari na kushusha kinga kwa pamoja. Dada zangu mnaouziana deksa sokoni, kinachovimba mashavuni si afya.

Haya, kesho. Tunduma kuna hospitali, anzia hapo kama hali inaruhusu, lakini omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Mbozi au moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako ndiko wanakujua. Usiende mikono mitupu. Andika kwenye karatasi, kwa mkono wako, majina ya dawa, miligramu, na tarehe uliyoanza kila moja. Ongeza chini yake tarehe homa ilipoanza na kila dawa uliyopewa tangu hapo. Chukua na pakiti tupu. Ukifika mbele ya daktari usianze na "nina malaria sugu". Sema hivi: "Nina ugonjwa wa utumbo, natumia predinisoloni na azathioprini zinazoshusha kinga, nina homa wiki tatu, nimetibiwa malaria na taifodi sijapona. Naomba niangaliwe TB na fangasi." Sentensi hiyo inaweza kukuokolea wiki mbili.

Usishangae ukiambiwa joto lako ni la kawaida. Predinisoloni huificha homa, na mtu anaweza kuwa na maambukizi makubwa huku kipimajoto kikionyesha 37. Waeleze kuhusu jasho la usiku na kilo ulizopungua. Omba damu ipimwe picha nzima, kwa kuwa azathioprini inaweza kushusha chembe nyeupe, na hicho peke yake ni kitu cha kujua. Omba picha ya kifua. Omba makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, na kipimo cha damu cha Kriptokokasi. Na wakikuonyesha jibu la Widal kwamba una taifodi, kumbuka kipimo hicho peke yake hakitoshi kuthibitisha taifodi, hasa kwa mtu ambaye ameshamaliza sindano zake.

Najua nauli ni pesa, na siku moja bila kufungua ghala ni hasara, hasa wakati wanunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka kila asubuhi. Mpe ndugu yako funguo. Kama una bima, beba kadi. Kama huna, uliza dirisha la ustawi wa jamii hospitalini kabla hujakata tamaa na kurudi nyumbani, maana lile dirisha lipo kwa ajili yako.

Na wewe muuza dawa unayesoma hii ukiwa nyuma ya kaunta yako Tunduma, Mpemba au Vwawa, nakuomba jambo moja. Mteja akija na homa ya wiki ya pili, kabla hujamfungia dozi nyingine ya malaria, muulize anatumia dawa gani kila siku. Akikutajia predinisoloni, azathioprini au sindano ya utumbo, usimuuzie kitu. Mwambie aende hospitali leo, na kama unaweza, muandikie kwenye kikaratasi yale aliyokwambia ili ayafikishe kwa daktari.